Habari Mbaya na Meza ya Mfawidhi: Uongozi wa Makao ya Wazee

Mwishoni mwa mwaka 2010 muuguzi mwandamizi, Terry Bryan, aliwaandikia wakubwa wake barua pepe. Alikuwa akifanya kazi Winterbourne View, hospitali binafsi yenye vitanda 24 karibu na Bristol, Uingereza, walikokuwa wakiishi watu wazima wenye ulemavu wa akili na usonji. Alieleza kuwa baadhi ya wahudumu wanawatesa watu waliokabidhiwa kuwatunza. Barua haikuzaa kitu. Akapeleka malalamiko kwa CQC, tume ya serikali inayokagua huduma za afya na matunzo, na huko nako kukawa kimya. Ndipo akawaendea BBC. Mwandishi wa kipindi cha Panorama akaomba kazi ya uhudumu mahali pale, akaajiriwa, akaingia na kamera iliyofichwa. Tarehe 31 Mei 2011 nchi nzima ikaona kwenye televisheni watu wazima wakipigwa, wakiburutwa sakafuni, wakimwagiwa maji nguo zikiwa mwilini. Wafanyakazi 11 walikiri makosa mahakamani na sita kati yao wakafungwa jela.

Uchunguzi uliofuata ulionyesha jambo ambalo kwangu ni zito kuliko picha zenyewe. Katika miaka mitatu na ushei kabla ya kipindi kile, polisi walikuwa wameandikisha matukio 29 yaliyohusu hospitali hiyo. Halmashauri ya eneo ilikuwa imepokea taarifa 40 kwamba kuna watu walio hatarini. Wagonjwa walikuwa wamepelekwa mara kwa mara kutibiwa majeraha katika hospitali ya jirani. Kila ofisi ilishika kipande chake ikakifungia kwenye jalada, na hakuna hata mtu mmoja aliyeviweka vipande hivyo mezani kwa pamoja akauliza kuna nini pale. Ndugu nao, kwa muda mrefu, hawakuruhusiwa kufika vyumbani walikolala watu wao. Fedha hazikukosekana, kwa kuwa mwenye hospitali alikuwa akitoza wastani wa pauni 3,500 kwa wiki kwa kila mgonjwa.

Winterbourne View haikuwa makao ya wazee. Lakini kila anayetaka kuelewa uongozi wa mahali popote ambapo watu wanalala, wanalishwa na kuogeshwa na wengine, inafaa aanzie hapo, kwa sababu kisa hicho kinaondoa visingizio viwili vya haraka. Cha kwanza ni fedha, na tumeona zilikuwepo. Cha pili ni ubaya wa watu wachache. Wabaya walikuwepo, ndiyo, na walistahili jela. Lakini hata aliyekuwa mwema alisema, akasikika na ofisi zaidi ya moja, na bado hapakuwa na mabadiliko. Kilichokosekana ni uongozi. Na uongozi wa makao, kwa maoni yangu, hupimwa kwa kitu kimoja kabla ya vingine vyote, nacho ni muda unaopita tangu jambo baya litokee kando ya kitanda hadi limfikie mwenye mamlaka ya kulikomesha, na anachokifanya likishamfikia.

Makao ya wazee ni mahali ambapo ukimya huzaliwa wenyewe, bila mtu kuupanga. Mzee aliyevutwa mkono kwa nguvu asubuhi anajua kwamba jioni ni mikono ile ile itakayomvua nguo na kumwogesha. Atasema kwa nani, naye bado ana usiku wa kuupita? Akiwa na dimensia, ugonjwa unaokula kumbukumbu, akisema amepigwa ataambiwa amesahau, au anaweweseka. Ndugu huona alama ya bluu kwenye paja, wakauliza kwa upole, wakaambiwa aligonga kitanda, wakaridhika kwa sababu kutoridhika kuna gharama. Huenda mzee akalipiziwa, au wakaambiwa wamchukue warudi naye nyumbani, na nyumbani hakuna wa kumkesha. Wengine huzibwa midomo na aibu ya kuwa walimpeleka huko.

Mhudumu naye ana sababu zake. Kazi hii popote duniani hulipwa mshahara wa chini, na wengi wanaoifanya hawana akiba ya kuwavusha mwezi mmoja bila ajira. Kwa wasomaji wa Kiswahili jambo hili limesogea karibu sana, maana ndugu zetu wengi kutoka Kenya, Uganda na Tanzania wanafanya kazi hii ya matunzo Uingereza, Marekani na Canada. Uingereza ilipofungua viza ya wahudumu wa matunzo Februari 2022, ilimfunga kila mhudumu kwa mwajiri aliyemdhamini. Ukiachishwa kazi, ulipewa kwa kawaida siku 60 kupata mdhamini mwingine au uondoke nchini. Wapo waliouza shamba au kukopa ili kuwalipa mawakala. Mtu wa namna hiyo anapomwona mwenzake wa zamu akimfokea mzee, au anapoona dawa zimetiwa sahihi na hazikutolewa, anapiga hesabu ya mkopo, ya ada za watoto, ya nauli ya kurudi, kisha ananyamaza. Simlaumu. Namlaumu mwajiri anayejua hesabu hiyo na kuitumia. Tarehe 22 Julai 2025 serikali ilizuia waajiri kuajiri wahudumu wapya moja kwa moja kutoka ng'ambo kwa viza hiyo, lakini walioingia kabla bado wako kwenye zamu zao, na hofu yao wanayo.

Juu yao wote yupo mfawidhi, na hapo ndipo mengi huharibika. Mfawidhi naye ana bosi: kampuni, kanisa, msikiti, wizara, bodi. Bosi hupenda taarifa safi. Mfawidhi anayeripoti maanguko kumi na mawili ya wazee kwa mwezi huonekana ameshindwa, na anayeripoti mawili huonekana hodari, ingawa huenda wa pili ndiye ambaye wahudumu wake wamejifunza kutoandika. Bodi isiyojua kutofautisha watu hawa wawili huwafundisha wafawidhi wake kudanganya. Bodi yenye busara, ikiona mwezi mzima umepita bila tukio hata moja katika nyumba ya wazee arobaini, hupanda gari kwenda kuangalia.

Kuna aina nyingine ya kuharibika isiyo na mkatili yeyote. Dorval, kitongoji cha Montreal nchini Canada, palikuwa na makao ya kulipia yaliyoitwa CHSLD Herron. Mwishoni mwa Machi 2020, korona ikiwa imeingia, wahudumu walianza kukosekana, ama kwa ugonjwa, ama kwa karantini, ama kwa hofu. Tarehe 29 mwezi huo maofisa wa afya wa eneo walipofika walikuta wafanyakazi wa kuhesabu kwa vidole na wakazi zaidi ya 130. Wazee walikuwa na njaa na kiu, na nepi hazikuwa zimebadilishwa. Mtu angedhani kuanzia saa ile mambo yangenyooka. Hayakunyooka. Mamlaka ya afya na mwenye makao wakaingia katika mvutano wa nani anaongoza, nani anaajiri, nani ana haki ya kuona majalada ya wagonjwa. Karibu wiki mbili zilipita hadi gazeti la huko lilipofichua kwamba wazee 31 walikuwa wamekufa. Mkaguzi wa vifo Géhane Kamel, katika ripoti yake ya mwaka 2022, alihesabu vifo 47 katika wimbi lile la kwanza.

Wapo wanaosema Herron iliangushwa na janga, na janga halina mfano. Lakini makao mengine ya mji ule ule yalipitia wimbi lile lile, na si yote yaliyowaacha wazee bila maji. Pale Herron habari mbaya zilifika, maofisa waliziona kwa macho yao, na bado hazikupata mwenyewe. Makao yanahitaji mtu mmoja ambaye kila aliyemo, kuanzia mpishi hadi mjukuu anayekuja Jumapili, anamjua kwa jina kuwa ndiye mwenye dhamana. Akiondoka, anajulikana anayeshika nafasi yake, saa nane za usiku na siku ya Idi pia. Sheria ya Uingereza inadai kila makao yawe na meneja aliyesajiliwa kwa jina lake, anayewajibika mbele ya sheria mwenyewe, si kampuni peke yake. Naona hilo ni jambo la kuigwa kuliko majengo yao.

Huyo mtu mmoja anafanya nini kutwa? Hapa ndipo mijadala mingi ya uongozi inapopotelea kwenye maneno makubwa ya dira na dhima. Kazi yenyewe iko kwenye korido.

Inaanza na kukabidhiana zamu. Wa usiku anaondoka akijua kwamba mama wa chumba cha nne hakunywa maji tangu jioni, mzee wa chumba cha tisa ameamka mara tano kwenda haja ndogo, na bibi wa mwisho anakataa kulala ubavu wa kushoto. Hayo matatu, yakisemwa kwa dakika kumi mbele ya wa asubuhi, huenda yakazuia figo kufeli, nyonga kuvunjika na kidonda kuoza. Yasiposemwa yanaondoka na aliyeyaona. Wapo waajiri wasiozilipa dakika hizo kumi, zamu moja ikiisha saa moja kamili na nyingine ikianza saa moja kamili, kisha wanashangaa kwa nini mambo yanapotea. Mfawidhi mzuri hulipia dakika hizo, na angalau mara chache kwa wiki huwepo mwenyewe, amesimama, anasikiliza.

Kisha kuna mwili wa mzee, ambao haudanganyi. Mtu asiyeweza kujigeuza, akiachwa alivyo saa nyingi, damu haipiti vizuri kwenye ngozi ya makalio, nyonga na visigino. Ngozi hufa, kisha huchimbika hadi mfupa. Vidonda vya kulalia vingi huzuilika kwa kumgeuza mtu kwa ratiba, kumweka mkavu na kumlisha vizuri. Vitabu vingi vya uuguzi vilivyoandikwa Ulaya vinamfundisha mhudumu kutafuta wekundu kwenye ngozi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani, kwa hiyo lazima mkono upapase, ukitafuta mahali penye joto kuliko pengine, penye ugumu, au palipobadilika rangi. Mfawidhi asiyewafundisha watu wake jambo hilo atapata daftari lililojaa alama za vema na mzee mwenye shimo mgongoni. Uzito nao husema. Mzee wa kilo 60 aliyepoteza kilo tatu katika mwezi mmoja anaumwa, au hali, au halishwi, na yote matatu ni mambo ya kiongozi kuyajua wiki hiyo hiyo. Ndiyo maana mizani, kifaa cha bei ndogo, ni chombo cha utawala katika nyumba ya wazee.

Maanguko ya wazee yakiandikwa pamoja na saa zake hufundisha vivyo hivyo. Yakionekana yanaangukia zaidi kati ya saa kumi na saa kumi na mbili alfajiri, jibu huenda si mikongojo mipya. Wazee wanaamka kwenda chooni, na mhudumu pekee wa usiku yuko upande wa pili wa nyumba akianza kuwaogesha wengine ili asilaumiwe na zamu ya asubuhi. Ni ratiba ya mfawidhi iliyowaangusha.

Kipo kipimo kingine ambacho wageni wengi wa makao hawakifikirii, nacho ni dawa za kutuliza. Mwaka 2009 daktari Sube Banerjee aliiandikia serikali ya Uingereza ripoti iliyokadiria kwamba watu wapatao 180,000 wenye dimensia nchini humo walikuwa wakipewa dawa za magonjwa ya akili, na kwamba dawa hizo zilichangia vifo vya ziada vipatavyo 1,800 kwa mwaka, huku zikiwasaidia wachache tu kati ya waliopewa. Kwa nini zilitolewa? Mara nyingi kwa sababu mzee anatangatanga, anapiga kelele, anavua nguo. Anayetangatanga huenda anatafuta choo. Anayepiga kelele huenda jino linamuuma na hana tena maneno ya kusema. Kumjua kunahitaji mhudumu yule yule siku baada ya siku, anayejua kwamba mzee huyu alikuwa fundi reli na huamka saa kumi kwa sababu maisha yake yote aliamka saa kumi. Makao yenye watu wanaokuja na kuondoka kila mwezi hayawezi kujua hayo, na kidonge huziba pengo. Kwa hiyo ukitaka kujua kama kiongozi anaweza kuwabakiza wafanyakazi wake, angalia pia kabati la dawa.

Kuwabakiza ni suala la mshahara, na nisilipambe. Lakini wahudumu huondoka pia mahali panapolipa. Huondoka wanapopangiwa zamu kwa ujumbe wa simu usiku wa kuamkia siku yenyewe, wanapokosa glavu wakaambiwa watumie moja kwa wazee wawili, wanaposema jambo likasahauliwa. Huondoka hasa wanapoona aliyetenda ubaya anabaki na aliyesema anahamishwa. Katika nyumba ya wafanyakazi thelathini, uamuzi mmoja wa namna hiyo unajulikana kwa wote kabla ya chakula cha mchana, na kuanzia siku hiyo daftari la matukio huwa jeupe. Kinyume chake pia ni kweli. Mfawidhi anayemshukuru mbele ya wenzake yule aliyekiri kuwa alimpa mzee dawa ya mwenzake, akampigia daktari simu papo hapo, akaandika, kisha akabadilisha namna trei za dawa zinavyopangwa, amejinunulia ukweli wa miaka kadhaa. Kusamehe kosa lililosemwa na kuadhibu ukatili na uongo ni mambo mawili tofauti, na kiongozi anayeyachanganya hupoteza yote mawili.

Mpaka hapa nimemzungumzia mzee kama mtu wa kulindwa. Hiyo ni nusu ya kazi. Mwaka 1976 wanasaikolojia Ellen Langer na Judith Rodin walichapisha utafiti walioufanya katika makao mamoja huko Connecticut, Marekani. Wazee wa ghorofa moja waliambiwa kwamba maisha yao pale ni yao. Wapange vyumba wanavyotaka, wachague usiku wa kutazama sinema, na kila mmoja akapewa mmea autunze mwenyewe. Wa ghorofa nyingine waliambiwa kwamba wafanyakazi watawashughulikia kwa kila kitu, na mimea yao ikamwagiliwa na wauguzi. Wiki chache baadaye wa kundi la kwanza walikuwa wachangamfu na wenye shughuli zaidi. Miezi 18 baadaye, katika kundi hilo walikuwa wamekufa asilimia 15. Katika lile la pili, asilimia 30. Watu waliochunguzwa hawakufika mia moja, kwa hiyo sitaki kuzibebesha takwimu za vifo mzigo usiozifaa. Lakini somo la uongozi lililomo halitegemei asilimia, kwa kuwa ghorofa zote mbili zilikuwa katika nyumba moja, zenye matunzo ya kiwango kimoja. Kilichotofautiana ni kile ambacho wakuu wa nyumba waliwaruhusu wazee waamue.

Katika makao yetu maamuzi hayo huwa madogo hata kuyataja kunaonekana upuuzi: kuamka saa ngapi, chai iwe na maziwa au ya rangi, redio ifunguliwe stesheni gani, nani akuogeshe. Kwa mama wa Kiislamu wa Pemba au Lamu, kuogeshwa na mwanamume si jambo dogo hata kidogo, na kiongozi anayesema wafanyakazi hawatoshi apaswa kwanza kujibu kwa nini ratiba haikulifikiria. Fedha ya mzee nayo ni uamuzi. Zanzibar tangu Aprili 2016 huwalipa wakazi wake waliofikisha miaka 70 pensheni jamii, na Kenya ina mpango wa Inua Jamii kwa wenye umri huo. Mzee mwenye noti zake mwenyewe anaweza kutuma kahawa, tumbaku au vocha ya simu bila kuomba. Lakini nani anazishika, nani anazitia sahihi, na je, daftari lipo ambalo mtoto wake anaweza kulisoma? Makao yanayokwepa maswali hayo yana kasoro hata kama sakafu zinang'aa.

Wengine huweka tumaini lote kwa wakaguzi. Ukaguzi ni lazima, na CQC ya Uingereza imefanya vizuri kuuliza, pamoja na usalama na huruma, kama mahali panaongozwa vyema, na kuweka majibu hadharani. Ila mkaguzi huja na kuondoka. Oakden, makao ya serikali huko Australia Kusini kwa ajili ya wazee wenye maradhi mazito ya akili, yalipasishwa na wakaguzi mwaka 2016. Mwaka huo huo familia moja ilikuwa inalalamika kwamba baba yao alipewa dawa mara kumi ya kipimo chake na kurudi na michubuko isiyo na maelezo. Mwaka uliofuata, baada ya ripoti ya daktari mkuu wa magonjwa ya akili wa jimbo, Oakden ilifungwa. Kisa hicho kilichangia kuundwa kwa Tume ya Kifalme iliyochunguza matunzo ya wazee wa Australia nzima, ambayo ripoti yake ya mwisho ilitolewa hadharani Machi 2021 ikiwa na mapendekezo 148. Huenda aliyekuwa akifua mashuka ya Oakden alijua mengi kuliko mkaguzi. Dobi huona damu, huona mashuka ya nani yanaloa na ya nani hayajabadilishwa siku tatu. Sijui ripoti nyingi za ukaguzi zinazomtaja dobi.

Tugeukie kwetu. Tanzania Bara ina makazi ya wazee ya serikali zaidi ya kumi, Nunge ya Kigamboni, Kolandoto ya Shinyanga, Fungafunga ya Morogoro, Njoro ya Kilimanjaro na mengineyo. Baadhi yalianza kama makambi ya wagonjwa wa ukoma, na asili hiyo bado inaonekana katika yalivyojengwa mbali na mji na katika jinsi watu wanavyoyakwepa. Zanzibar ina Sebleni na Welezo kwa Unguja, na Limbani kwa Pemba. Nairobi ina makao ya masista wa Little Sisters of the Poor huko Kasarani, na pembezoni mwa miji mikubwa ya Kenya nyumba za kulipia zinaongezeka. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 ilisema matunzo ni ya familia kwanza, na makazi ni njia ya mwisho. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 57, inampa mzee haki ya matunzo ya familia yake na ya dola.

Msimamo huo ni mzuri, nami naukubali. Lakini umetuletea udhaifu. Kwa kuwa tunasema Waafrika hatupeleki wazee makaoni, tumewasahau waliopo makaoni. Anayelala Nunge leo huenda hakuzaa, au waliomzaa na aliowazaa wametangulia, au alifukuzwa kijijini kwa tuhuma za uchawi, au alitoka nchi jirani miaka sitini iliyopita kulima mkonge na hakurudi. Hana mtoto wa kuja kuuliza. Ukimya nilioueleza huko juu, kwake ni mara mbili.

Tunafika huko sikukuu. Tunakuja na mchele, sukari, sabuni na fulana zenye nembo, tunapiga picha, tunahutubia, tunaondoka. Wema huo una thamani, na mafuta yakiisha jikoni ni wema huo unaoyaleta. Ila wazee wamewekwa kwenye mstari kupokea, na hakuna mgeni aliyeuliza nani yuko zamu usiku wa leo na ana watu wangapi wa kuwageuza. Mfawidhi wetu, ambaye mara nyingi ni afisa ustawi wa jamii mwenye moyo, huachiwa jina la uongozi bila vyombo vyake. Hana fungu dogo la kununua glavu bila kuandikia mkoa, hana uwezo wa kuajiri mhudumu wa usiku, na hata kumwondoa aliyethibitika kumpiga mzee kunapita kwenye ofisi nyingi. Kumpa mtu lawama zote na mamlaka haba ndiyo njia ya hakika ya kumfundisha kuficha. Na katika makao yasiyo ya serikali hali si salama zaidi: mwaka 2023 kamera ya siri ya BBC Africa Eye ilionyesha wazee wakipigwa na kunyimwa matibabu katika makao nje kidogo ya Nairobi. Kamera ya siri tena, miaka 12 baada ya Bristol, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya habari kutoka.

Idadi ya wazee inapanda. Sensa ya 2022 iliwahesabu Watanzania wenye miaka 60 na zaidi kuwa zaidi ya milioni tatu, na watoto wao wako mijini, wengine ng'ambo wakilea wazee wa watu. Makao yataongezeka, tutake tusitake, na yatafunguliwa na kila mwenye nyumba kubwa aliyeona biashara. Kabla hayajajaa, wizara zinazohusika Dodoma, Unguja na Nairobi zitoe masharti machache yanayokaguliwa kweli. Kila makao yawe na mfawidhi mmoja aliyesajiliwa kwa jina lake, mwenye fungu na uwezo wa kuajiri na kusimamisha kazi. Kila makao yawe na namba ya simu ya malalamiko inayopokelewa na mtu asiyelipwa na makao hayo, ikabandikwa chooni, jikoni na getini. Ripoti za ukaguzi zichapishwe watu wazisome. Anayetoa taarifa, awe mpishi, mlinzi au mjukuu, alindwe kwa sheria yenye adhabu kwa anayemlipizia.

Nawe msomaji, sikukuu ijayo ukipeleka mchele wako, usiondoke baada ya picha. Omba kuonana na mhudumu wa zamu ya usiku. Omba kuona daftari la matukio, na likiwa jeupe, rudi wiki inayofuata bila kutoa taarifa.